Neno la mteja si fimbo wala zawadi: wauzaji wa Lokandu walitumie vizuri

Bidoni moja ya mafuta ya mawese inanunuliwa Lokandu asubuhi, inapakiwa ndani ya mashua, inapanda mto Lualaba hadi Kindu. Kabla mashua haijarudi, sauti imeisha kufika kwa simu: «Muwe macho na mafuta ya wale wahamaji, yana maji ndani.» Ni sauti ya sekunde kumi. Inaingia katika kundi moja la WhatsApp, mtu anaituma katika kundi la pili, mwingine anawasikilizisha majirani wasio na simu wakiwa wamekaa mbele ya nyumba. Jioni, mama aliyeuza bidoni ile hajui kitu. Anashangaa tu kuona wateja wa jana wanapita mbele ya meza yake bila kusimama.

Kila anayefanya biashara kando ya Lualaba anaweza kuielewa hadithi hii bila kuelezwa zaidi. Ndani ya zile sekunde kumi kuna makosa matatu. Msemaji hakutaja siku wala bidoni. Hakumwuliza muuzaji kabla ya kusema. Na kubwa kuliko yote, hakumtaja muuzaji mmoja: alisema «wale wahamaji». Kosa la bidoni moja limekuwa kosa la familia zote zilizokimbia vita.

Watu wengi wa Lokandu wakisikia habari ya kukusanya maoni ya wateja kwa simu na mitandao, wanadhani ni mambo ya hoteli za Kinshasa au ya maduka ya Ulaya. Ukweli ni kwamba maoni hayo yameisha kufika hapa, na yanafanya kazi kila siku, usiku na mchana. Kinachokosekana ni mpango. Muuzaji anayekataa kuyakusanya hayazuii kutembea. Anajizuia yeye mwenyewe kuyasikia.

Nyota za wengine, sauti za hapa

Katika nchi nyingi mteja anayetoka dukani au mkahawani anafungua simu na kumpa muuzaji nyota, kuanzia moja hadi tano, kisha anaandika maneno mawili matatu. Ramani ya Google inafanya hivyo. Facebook nayo, tangu 2018, inamwuliza mteja swali fupi zaidi: unawashauri wengine waende pale, ndiyo au hapana?

Mwaka 2011 mtafiti Michael Luca wa chuo cha biashara cha Harvard, Marekani, alilinganisha nyota za mikahawa ya mji wa Seattle na mapato yake. Aliona kwamba nyota moja zaidi iliendana na mapato kupanda kwa asilimia 5 hadi 9. Lakini jambo kubwa liko ndani ya hesabu hiyo: mikahawa ya makampuni makubwa, yenye jina linalojulikana kila mahali, haikuguswa. Iliyoguswa ni ile midogo ya mtu binafsi. Sababu si ngumu kuelewa. Mwenye jina kubwa hahitaji shahidi. Asiyejulikana ndiye anayepanda au kuanguka kwa neno la mteja.

Hapa nyota hazitumiki sana. Mega ni ghali, rezo inakwenda na kurudi, na simu nyingi ni zile ndogo za kupiga na kupokea tu. Lakini sauti ya WhatsApp inafanya kazi ileile, tena kwa nguvu zaidi, kwa sababu anayeisikia anamjua anayesema. Ni mjomba wake, ni mama wa likelemba yake, ni papa wanayesali naye. Nyota ya mtu asiyemjua anaweza kuidharau. Sauti ya yaya yake haidharau.

Aliyekimbia aliacha jina nyuma

Mwezi wa kwanza mwaka 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, mwezi wa pili wakaingia Bukavu, mwezi wa tatu wakafika Walikale. Ndani ya Maniema yenyewe, wakaaji wa vijiji vya Kabambare na vya Punia nao wamejua kufunga mizigo usiku. Kila familia inayokimbia inabeba inachoweza: mtoto, chungu, blanketi, karatasi za shule. Kitu kimoja hakibebeki. Ni jina la biashara.

Mama aliyeuza samaki wa kuvukiza miaka kumi katika soko moja alikuwa na watu waliomjua. Walijua kwamba kopo lake halina chini ya uongo, kwamba samaki aliyeoza hamwingizi katikati ya wazima, kwamba akisema «lipa kesho» hatapiga kelele kabla ya kesho kufika. Hayo yote yalikuwa mtaji wake kama vile samaki wenyewe. Akifika Lokandu anaweza kupata samaki tena kwa mkopo mdogo au kwa msaada wa ndugu. Mashahidi wake wamebaki nyuma, au nao wametawanyika.

Methali inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali nzuri kwa mwenyeji. Kwa mhamaji haitoshi. Kizuri chake hakijiuzi mpaka mtu wa kwanza akionje na aseme. Na kama wa kwanza kusema ni yule aliyekasirika, hakuna wa pili atakayeonja.

Kwamba jina ni mtaji si habari mpya Maniema. Kiswahili chenyewe kilifika huku katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara, na misafara ile ilitembea kwa mkopo. Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, ambaye baadaye alikuwa na makao Kasongo, alipewa mali ya safari na tajiri wa Unguja, Taria Topan, kwa sababu jina lake liliaminika pwani. Lakini aliyeulizwa kuhusu jina hilo alikuwa nani? Walikuwa matajiri wa pwani. Watu wa Maniema, ambao pembe zao zilichukuliwa na ndugu zao wakafungwa minyororo, hawakuulizwa. Jina lilikuwa zuri kule mkopo ulikotoka, na huku lilikuwa jina la hofu.

Funzo la hapo linafaa hata leo. Maoni ya wateja yana maana kulingana na nani ameulizwa. Muuzaji anayeuliza rafiki zake tu atapata sifa. Anayeuliza wenye simu tu atajua mawazo ya wenye simu. Mama anayetuma mtoto kununua nusu kopo ya mchele, mzee wa kambi anayenunua sabuni moja kwa wiki, kijana anayechajisha simu kwa deni, wao pia ni wateja, na ndio wa kwanza kuibiwa kwa kipimo kwa sababu muuzaji anajua hawana pa kusemea.

Namna ya kuuliza

Kukusanya maoni hakuhitaji ofisi. Kunahitaji daftari, kalamu na ujasiri wa kusikia kisichopendeza.

Kwanza ni swali lenyewe. Muuzaji anayeuliza «Mama, mchele wangu ulikuwa mzuri?» ataambiwa ndiyo. Adabu ya hapa haimruhusu mtu kumwambia mwenzake uso kwa uso kwamba mchele wake ulikuwa na mawe. Swali linalozaa jibu ni lile linalompa mteja mlango: «Mama, kama ningebadilisha kitu kimoja kwa mchele huu, kingekuwa nini?» Hapo mteja hashtaki, anashauri. Mawe yatatajwa.

Pili ni wakati. Mafuta hayajulikani mezani. Yanajulikana jikoni. Muuzaji anayetaka kujua ukweli wa bidoni yake amwulize mteja siku mbili tatu baadaye, akirudi sokoni au kwa simu kama namba yake ipo. Na asimwulize tu aliyerudi. Aliyeacha kurudi ndiye mwenye habari kubwa. Kumtafuta mteja aliyehama meza na kumwambia kwa upole, «Papa, sijakuona siku nyingi, kuna kitu kilikuumiza kwangu?» ni kazi ngumu, lakini jibu moja la mtu huyo linazidi sifa kumi za jirani.

Tatu ni kuandika. Tarehe, bidhaa, neno lenyewe. Si lazima jina la mteja. Baada ya wiki nne daftari linaanza kusema. Kama mtu mmoja amesema mandazi ni madogo, ni mtu mmoja. Kama watu sita wamesema, mandazi ni madogo. Bila daftari, muuzaji anakumbuka tu aliyemsifu zaidi na aliyemtukana zaidi, na wote wawili wanaweza kumpoteza njia.

Nne ni deni. Hili wataalamu wa mijini hawalitaji, lakini Lokandu ni la kweli: mteja mwenye deni hasemi ukweli. Anayekula mchele wa mkopo atausifu mchele, hata kama una mawe, kwa sababu anaogopa kesho kunyimwa. Kwa watu kama hao ni vizuri muuzaji asiulize mwenyewe. Mama kiongozi wa likelemba, au mtu wa klabu cha wasikilizaji wa radio, anaweza kukusanya maneno ya watu watano sita na kumletea muuzaji bila kutaja nani kasema nini.

Kwa wale wenye simu kubwa, kuna kifaa cha bure. WhatsApp Business, iliyotolewa 2018, inamruhusu muuzaji kuweka picha za bidhaa na bei, na kupanga wateja wake kwa alama ili asichanganye wa Kindu na wa hapa. Mteja anayetuma sauti ya kusifu anaweza kuombwa ruhusa: «Mama, naweza kuwasikilizisha wengine?» Akikataa, imekwisha. Sauti ya mtu ni yake. Kwa mhamaji ni zaidi ya adabu, kwa sababu kuna familia ambazo hazitaki ijulikane ziko wapi, na sauti au picha ikitembea inaweza kumfikia mtu waliyemkimbia.

Sanduku lisilojibu

Familia za wahamaji zinajua vizuri habari ya maoni. Pale msaada unapogawanywa huwekwa sanduku la malalamiko au hutolewa namba ya kupiga bure. Mashirika ya kibinadamu yalijifunga kwa hilo katika kanuni yao iitwayo Core Humanitarian Standard, iliyotolewa 2014: anayepokea msaada awe na pa kulalamika, na malalamiko yajibiwe. Neno la pili ndilo zito. Mtu anayetia karatasi sandukuni mara mbili bila kusikia kitu, mara ya tatu hatii. Anakaa kimya, na kimya chake kinahesabiwa kuwa kuridhika.

Muuzaji mdogo ana nafasi ambayo shirika kubwa halina: anaweza kujibu siku ileile. Tuseme mama wa mafuta amepata habari ya ile sauti ya Kindu. Ana njia tatu mbele yake. Anaweza kunyamaza na kungoja isahaulike. Anaweza kurudisha matusi katika kundi lile, na hapo watu mia watakumbuka matusi na kusahau mafuta. Au anaweza kutafuta ukweli na kujibu.

Ukweli wa mafuta unapatikana. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo mafuta yakitulia katika chupa inayoonyesha ndani, maji yanashuka chini na kuonekana. Yakiwekwa kidogo katika sufuria juu ya moto, mafuta yenye maji yanalia na kurusha. Mama anaweza kumwomba mnunuzi ajaribu mbele ya mashahidi wawili. Kama maji yapo, labda yalitoka kwa aliyekamua, si kwake. Bado bidoni ilitoka kwenye meza yake. Jibu linalorudisha wateja ni fupi: «Ni kweli, bidoni ya jumatano ilikuwa na maji. Nimerudisha pesa. Toka leo kila bidoni inajaribiwa mezani kabla mtu hajalipa.» Na kama maji hayapo, mashahidi wale wawili wanasema hivyo katika kundi lilelile ambamo sauti ya kwanza ilipita.

Ile ahadi ya kujaribu mezani ni mali kuliko msamaha. Muuzaji wa jirani atalazimika kufanya vilevile, kwa sababu mteja akiisha kuona chupa ya kujaribia kwenye meza moja ataitafuta kwenye meza zote. Neno moja la lawama, likishikwa vizuri, linaweza kusafisha kona nzima ya soko.

Sifa za kununua

Kuna upande mwingine ambao Lokandu isijidanganye. Pale neno la mteja linapoleta pesa, neno lenyewe linaanza kuuzwa. Duniani wako watu ambao kazi yao ni kuandika sifa za maduka ambayo hawajawahi kuingia. Umoja wa Ulaya umezikataza sifa za uongo kwa sheria inayotumika tangu mwezi wa tano 2022. Marekani ilifuata kwa kanuni iliyoanza mwezi wa kumi 2024, na Uingereza mwezi wa nne 2025. Google nayo inakataza kumpa mteja pesa au bei ya chini ili aandike sifa.

Hapa hakuna anayeajiri waandishi wa sifa. Kuna shemeji, binamu na watoto wa nyumba, ambao wote wanatuma sauti siku moja: «Mikate ya mama huyu, hakuna kama hiyo!» Msikilizaji si mjinga. Sauti tano za ukoo mmoja anazihesabu kuwa moja, na siku inayofuata hata sifa ya kweli anaitilia shaka.

Na hapa radio nazo zina la kujibu. Katika uandishi wa habari wa Congo kuna desturi inayoitwa «coupage»: mwenye habari anampa mwandishi bahasha, na habari inatoka tamu. Kila msikilizaji anaijua, hata kama haijui kwa jina. Muuzaji mwenye pesa anasifiwa hewani kana kwamba ni habari, wakati ni tangazo lililolipiwa. Mama mhamaji mwenye bidoni mbili hawezi kulipa bahasha. Kwa hiyo hewani ni kama hayupo, mpaka siku anapolaumiwa. Radio inayotaka wauzaji wawe waaminifu kwa vipimo vyao ianze na kipimo chake yenyewe: tangazo liitwe tangazo, na kilichosemwa na mteja kiwe kimesemwa na mteja.

Neno linaloweza kuua

Wako watakaosema kwamba ni hatari kuwafungulia watu mdomo. Katika nchi yenye vita, maoni yanageuka haraka kuwa mashtaka, na mashtaka yanageuka kuwa mawe. Hofu hiyo ina msingi. Kuna tofauti ndogo sana kati ya «mafuta ya yule mama yana maji» na «wale watu walitumwa kutuharibu». Mashariki ya Congo imezika watu kwa maneno ya aina ya pili.

Lakini dawa ya hatari hiyo si kunyamaza, kwa sababu kundi la WhatsApp halinyamazi. Dawa ni kumzoesha mteja kusema jambo lenye mipaka: bidhaa gani, siku gani, meza gani, nini kilikosekana. Lawama yenye mipaka inaweza kuchunguzwa na kumalizika. Lawama isiyo na mipaka haimaliziki, inatafuta tu mtu mwingine wa kumwangukia. Kabila la muuzaji, mahali alikotoka na lugha anayosema nyumbani si maoni juu ya mafuta. Kiongozi wa kundi la WhatsApp anayeona neno la namna hiyo ana kazi ya kulifuta, na kumwuliza aliyeliweka alinunua nini na lini.

Sheria nayo ipo. Kanuni ya adhabu ya Congo inaadhibu kumchafulia mtu jina mbele ya watu, na tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 nchi ina Kanuni ya kidijitali, ordonansi-sheria namba 23/010, ambayo inagusa hata habari za uongo zinazosambazwa juu ya mtu kwa mitandao. Anayesambaza naye anahesabiwa, si aliyeanza tu. Hata hivyo itakuwa makosa kuifanya sheria hiyo kuwa fimbo ya wauzaji. Mteja aliyenunua mchele wenye mawe ana haki ya kusema una mawe. Muuzaji anayekimbilia polisi kila akilaumiwa atanyamazisha wateja wake wote, na atabaki na meza iliyosifiwa na kukimbiwa.

Kinachoweza kufanyika sasa

Klabu za wasikilizaji wa radio zinaweza kuanza na jambo dogo. Mara moja kwa wiki, watu wawili, mwenyeji mmoja na mhamaji mmoja, wapite sokoni na katika nyumba zinazohifadhi wahamaji, waulize wateja kumi: ulinunua nini wiki hii, nini kilikufurahisha, nini kilikukasirisha? Waandike bila majina. Wampelekee kila muuzaji ya kwake kwanza, faraghani, na kumpa siku chache kurekebisha. Hewani yapite tu mambo ya jumla: vipimo vya mchele, maji ndani ya mafuta, bei ya kuchajisha simu, makato ya ziada ambayo baadhi ya wakala wa pesa za simu wanawatoza wasiojua kusoma ujumbe. Muuzaji aliyerekebisha atajwe kwa jina akikubali. Aliyekosa asitajwe kabla hajasikilizwa.

Hilo la wakala wa pesa za simu lina uzito wa pekee. Familia nyingi za wahamaji zinapata pesa kutoka kwa ndugu au kwa mashirika kwa njia ya simu. Mama anafika kwenye meza ya wakala, anatoa simu, anapokea noti, hajui kilichokatwa. Yeye peke yake akilalamika ataambiwa hakuelewa. Wateja kumi wa wakala mmoja wakisema neno lilelile katika daftari moja, wakala atalazimika kubandika bei zake ukutani. Huyu ndiye mtu ambaye maoni ya wateja yana faida kwake kuliko wote: asiyeweza kubishana peke yake.

Wauzaji wenyeji wasione mpango huo kama msaada kwa wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone: pale mhamaji anapoleta chupa ya kujaribia mafuta, au kopo lisilobonyezwa, mnunuzi wa Kindu anaanza kuiamini Lokandu nzima. Kati ya Kindu na Ubundu mto unapitika kwa kilomita 300 hivi, na kila kituo kando yake kina mawese na mchele wa kuuza. Mwenye mashua anachagua pa kusimama. Atasimama pale ambapo mara ya mwisho hakudanganywa, na pale ambapo alipodanganywa alijibiwa na kurudishiwa pesa yake.

Na mteja naye ana deni lake. Aliyepata mchele safi kwa mama asiyejulikana, akala na watoto wake wakashiba, kisha akanyamaza, amemwachia nafasi aliyekasirika kusema peke yake. Sekunde kumi zinatosha: «Nilinunua mchele jumamosi kwa mama wa meza ya mwisho karibu na kivuko. Hauna mawe, na kopo lake limejaa.» Hakuna aliyelipwa hapo, na hakuna aliyetukanwa. Jumatatu asubuhi mama yule ataona watu watatu wasiomjua wamesimama mbele ya meza yake, na mmoja ataanza kwa kuuliza: «Mama, ni wewe wa mchele?»